Mwalimu au Kondakta? Maoni Kuhusu Kuchagua Kwaya Chuoni

Juma la pili la kila muhula, ubao wa matangazo wa idara yetu ya muziki huzingirwa kama dirisha la kulipia karo. Hapo hubandikwa karatasi tatu, moja kwa kila kwaya, na kila mwanafunzi wa muziki hana budi kuandika jina lake kwenye mojawapo, kwa kuwa alama za uimbaji wa pamoja hutoka huko. Muhula huu nilisimama pale nikawasikiliza wenzangu wa mwaka wa kwanza wakiulizana. Ipi inasafiri? Ipi ina sare za kupendeza? Mwalimu yupi si mchoyo wa alama? Hakuna aliyeuliza wanaimba nini huko, na kama wanakielewa. Siwalaumu. Miaka mitatu iliyopita nami nilichagua vivyo hivyo, na makala haya yameandikwa na mtu aliyekosea mara ya kwanza.

Najua wapo watakaosema jarida la uhakiki wa fasihi halina haja na mambo ya kwaya. Mwenzetu mmoja aliniambia bwenini, "Wewe andika kuhusu riwaya, kwaya waachie watu wa kanisa." Ninampinga. Kila wimbo wa kwaya una matini, na kila matini ina msomaji. Katika riwaya msomaji ni mimi na wewe, kila mtu na kitabu chake. Katika kwaya msomaji mkuu ni yule anayesimama mbele na kuwapa watazamaji mgongo. Yeye ndiye huamua neno lipi lipazwe na lipi linong'onwe, wapi pumzi ikatwe, wapi mwendo uharakishwe. Huo ni uhakiki, ingawa haukuandikwa kwa wino. Nao wanakwaya, watake wasitake, huimba uhakiki wake. Basi anayechagua kwaya anachagua mhakiki, na hilo ni jambo letu hapa.

Nilipompigia mama simu mwaka ule wa kwanza nikamwambia nachagua kondakta, aliniuliza, "Kwani umeacha masomo ukaingia kwenye matatu?" Tulicheka sana. Lakini baadaye niliona kwamba mama alikuwa ameninyoosha. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, anayeongoza kwaya haitwi kondakta, huitwa mwalimu wa kwaya. Tofauti si ndogo. Kondakta hujaza gari, hukusanya nauli na kuhakikisha gari linafika stendi kabla ya mengine. Kama abiria ameona alikopita au amelala njia nzima, hiyo si kazi yake. Mwalimu, kwa upande wake, huulizwa mwanafunzi ametoka na nini. Nitatumia majina haya mawili kuzipima kwaya zetu tatu. Sitataja mtu, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha yeyote.

Kwaya Kuu

Tuanze na hii inayosafiri. Kwaya Kuu ina waimbaji wapatao themanini, na usaili wake ni mgumu. Mtu huimba ngazi ya sauti peke yake mbele ya piano, kisha hupewa nota asizowahi kuziona azisome papo hapo. Nilipopita nilihisi nimefaulu mtihani wa taifa mara ya pili. Na ukweli usemwe, kiongozi wake ni fundi. Nilijifunza kwake kuvuta pumzi kutoka tumboni, kumsikiliza jirani kabla ya kujisikiliza mwenyewe, na kuimba kwa sauti ya chini bila lahani kushuka. Hilo la mwisho ni gumu kuliko kupiga kelele, na kwaya nyingi hulikimbia. Anayesema kwamba Kwaya Kuu haina fani anasema kwa wivu.

Tatizo liko kwenye maudhui. Tulikuwa tukijifunza wimbo hivi: kwanza lahani kwa "la la la", halafu sauti nne pamoja, halafu nguvu na mwendo, na mwisho kabisa, juma moja kabla ya mashindano, maneno. Maneno yenyewe yaliandikwa ubaoni silabi kwa silabi, nasi tukayakariri kama nambari za simu. Tuliimba Kilatini, Kijerumani na lugha tano sita za nchi hii kwa mtindo huo. Mtu akiuliza maana aliambiwa, "Hiyo tutaangalia baadaye." Baadaye haikufika.

Kati ya nyimbo hizo kulikuwa na mmoja wa asili uliotuletea kombe. Kiongozi aliupunguza mwendo, akawapa besi mvumo mrefu chini, akawaambia soprano waingie kama watu wanaolia. Waamuzi waliusifu kwa majonzi yake. Tuliuimba kila mahali mwaka ule.

Mwisho wa mwaka mwenzetu mmoja wa sauti ya tenor alifariki. Wimbo ule ulikuwa wa lugha ya kwao, na sisi tukaona hakuna heshima kubwa kuliko kumzika kwa lugha ya mama yake. Tulisafiri usiku kucha kwa basi la chuo, tukafika asubuhi, tukajipanga kando ya jeneza na sare zetu, tukaimba kama siku ya kombe. Wazee walitazamana. Tulipomaliza, shangazi ya marehemu alikuja mahali tulipokuwa tumekaa, akatushukuru kwa kuja, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, mmeimba vizuri. Lakini huo ni wimbo wa kumtoa msichana nyumbani akiolewa. Tulimwimbia dadake hapa hapa uani. Mbona mmeufanya mzito hivyo?"

Hakukasirika, na ndiyo sababu sijasahau. Safari ya kurudi ilikuwa kimya. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye naye alikuwa mtu wa huko, alituambia kwamba alijua tangu mazoezi ya kwanza, ila aliogopa kumkosoa kiongozi mbele ya watu themanini. Lakini lililoniuma zaidi ni jingine. Marehemu mwenyewe alisimama katikati yetu miaka miwili akiuimba wimbo huo. Nilikuwa nikisimama naye bega kwa bega. Sikuwahi kumwuliza unasema nini.

Wimbo kuhama nyumba

Hapa nataka nieleweke. Sisemi kwamba wimbo wa harusi ni haramu nje ya harusi. Nyimbo huhama, na historia ya muziki wetu imejaa uhamaji huo. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, tume ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Lahani waliyoichagua ilitokana na bembea ya Wapokomo, wimbo wa mama kumlaza mtoto. Kutoka kitandani kwa mtoto hadi uwanja wa gwaride! Lakini waliohamisha walijua walichokichukua na walikokipeleka. Waliandika maneno mapya kwa ajili ya kazi mpya.

Tutazame pia Missa Luba. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, wavulana na walimu wao wakiongozwa na padri Guido Haazen waliimba misa ya Kilatini kwa mitindo ya uimbaji ya Waluba, ikiwemo ya maombolezo. Haikuanza kama nota kwenye karatasi, ilianzia vinywani mwa watu waliozijua nyimbo zao. Kisha mwaka 1990 Kwaya ya Taifa ya Muungano ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi misa hiyo upya. Mtu aweza kubishana kama misa ile ni ya Waluba, ya kanisa au ya wazungu wanunuzi wa santuri, na mabishano hayo yana maana. Lakini huwezi kuanza kubishana kama hujui wimbo ulitoka nyumba gani. Kosa letu la mazishini halikuwa kuuhamisha wimbo. Tuliuhamisha tukiwa tumelala garini.

Tena angalieni jinsi fani ilivyotudanganya. Mwendo ulipopunguzwa na besi wakavuma, wimbo wa furaha yenye machozi kidogo ukawa wimbo wa kifo, na sisi tukaamini masikio yetu. Tunafundishwa darasani kwamba fani na maudhui ni kama sura mbili za sarafu moja. Kwaya Kuu ilinifundisha kwamba sura moja ikifutwa, ile iliyobaki haikai kimya. Hutunga uongo wake.

Kwaya ya kanisani

Nilihamia kwaya ya kanisa la chuo, ambayo idara yetu inaitambua kwa alama. Huku hakuna usaili. Ukija umefika. Mwalimu wake ni mwanafunzi mwenzetu, nota zake ni za herufi za do, re, mi, zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Wapo wanaozicheka nota hizo. Wasizicheke. Ni mfumo ulioanzia kwa mwalimu Sarah Glover huko Norwich, Uingereza, na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19 ili watu wasio na ala wala fedha waweze kusoma muziki. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga kwa mfumo huo lahani ya mwaka 1897 ambayo leo Watanzania huiimba kama wimbo wao wa taifa. Karatasi ya manila imefanya kazi kubwa.

Na huku maneno hujulikana. Tunaimba Kiswahili, kila mtu anaelewa, bibi aliyekaa benchi la nyuma anaitikia. Nilidhani nimefika nyumbani. Kumbe kuna namna nyingine ya kutosoma, nayo ni kulijua neno mpaka huliangalii tena.

Nitoe mfano ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili ataufahamu. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema u-PE-ndo. Tenzi nyingi tulizorithi zina lahani za Ulaya, na mistari ya Kiingereza mara nyingi huishia kwenye silabi nzito, kwa hiyo lahani nayo huishia kwenye pigo zito. Mfasiri alipotia Kiswahili humo, silabi yetu ya mwisho, iliyo nyepesi, ikaangukia pigo zito. Ndipo tukapata u-pe-NDO. Tumeimba hivyo tangu utotoni hata hatusikii. Lakini je, si hao hao wanaotufundisha kwamba barabara ya kupitia na barabara ya "sawasawa" hutofautishwa na mkazo tu? Kama mkazo una maana darasani, una maana kanisani pia.

Kuna na habari ya m na n. Wahakiki wa ushairi, semeni: neno "mtu" lina mizani ngapi? Mbili, m-tu, na mkazo uko juu ya hiyo m. "Nchi" vilevile, n-chi. Lakini katika nyimbo kadhaa tulizoimba, neno hilo limepewa nota moja, na m imemezwa kama dawa chungu. Niliposema jambo hili katika mazoezi, mwalimu wetu alinijibu, "Kaka, watu wameokoka kwa wimbo huu, wewe unahesabu mizani." Kila mtu alicheka, nami pia. Jibu lake si jepesi. Wimbo uliomfariji mtu hauwezi kudharauliwa kwa sababu ya silabi. Ila yeye ni mwalimu, na nilikuwa nikiuliza kama mwanafunzi. Angeweza kuniambia, "Ni kweli, tuone tunaweza kuuimbaje ili m isikike." Ingetuchukua dakika kumi.

Sauti zenyewe, nisizifiche, huteleza. Kufikia ubeti wa nne tunakuwa tumeshuka karibu nusu ya sauti, na mpiga kinanda hutazama dari. Ukarimu wa kumpokea kila mtu ni mzuri, lakini nao huhitaji kufundishwa.

Kwaya ndogo

Karatasi ya tatu ubaoni huwa na nafasi nyingi wazi. Ni kwaya ya watu kumi na sita, wakati mwingine kumi na watatu, inayofanya mazoezi katika chumba kando ya stoo ya ngoma. Haisafiri. Huimba nyimbo nne tu kwa muhula mzima. Mwalimu wake ni mhadhiri, mama mmoja asiye na haraka. Niliingia kwake mwaka wa tatu kwa sababu nilikuwa nimebakiza hiyo tu.

Siku ya kwanza hatukuimba. Alitugawia karatasi yenye maneno matupu, bila nota, akamwambia kila mmoja asome kwa sauti kama anayemsomea mtu barua. Tukazunguka chumba chote. Kisha akauliza nani anasema haya, anamwambia nani, na mara ya mwisho yalisemwa wapi. Mwenzangu wa besi akachoka, akauliza, "Mwalimu, tutaimba saa ngapi?" Akajibiwa, "Tukishasoma." Siku ya pili alimleta mzee mmoja, mlinzi wa bustani ya chuo, kwa kuwa wimbo ulikuwa wa kwao. Mzee alikaa kwenye kiti cha mwalimu, na mwalimu akakaa kwenye benchi pamoja nasi na kalamu yake. Mzee alitusahihisha maneno mawili. Alikataa pia mwendo wetu. "Huu ni wimbo wa watu wanaotembea," alisema, "nyinyi mnauimba kama mmekaa." Tulisimama tukazunguka chumba, na besi, ambao juma zima walikuwa wakichelewa, wakaacha kuchelewa.

Hapo nilikumbuka safari ile ya basi.

Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Wengi wetu tumeandika insha za kumpinga au kumtetea, hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 na wapenzi wa shairi huru kudai nafasi yao. Mimi naona mjadala ule uliacha upande mmoja mtupu. Tulibishana kama shairi lazima liimbike, tukasahau kuuliza kama wimbo lazima usomeke. Mama huyu, bila kuandika nadharia yoyote, anadai usomeke kwanza.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwaya yake ina kasoro. Besi ni wawili, na mmoja akipata mafua tumekwisha. Mazungumzo mengine hurefuka mpaka jua linazama na hatujaimba ubeti wa pili. Katika tamasha la mwisho wa muhula tulisikika wembamba ukilinganisha na Kwaya Kuu, na hakuna aliyesimama kutushangilia. Laiti mtu mmoja angekuwa na sikio la kiongozi wa Kwaya Kuu, ukarimu wa mwalimu wa kanisani na subira ya huyu mama! Lakini ubaoni hakuna karatasi ya nne.

Hitimisho

Kwa hiyo wewe wa mwaka wa kwanza, una juma moja kabla ya kuandika jina. Kanuni inakuruhusu kuhudhuria mazoezi ya kila kwaya kabla ya kuamua, na karibu hakuna anayeitumia. Itumie. Ukiwa huko usitazame makombe kwenye kabati. Tazama maneno yanaingia lini katika kazi. Tazama mtu anayeijua lugha ya wimbo anapewa nafasi gani ya kusema. Na umwulize kiongozi maana ya mstari mmoja, kwa adabu, uone kama swali lako linamfurahisha au linamchelewesha. Mwalimu utamtambua hapo, na kondakta pia.

Nina sababu nyingine ya kuandika sasa. Kwa kanuni ya idara, kwaya yenye watu chini ya kumi na wawili haihesabiwi kwa alama, na asiyehesabiwa alama hawezi kumudu kukaa humo. Jana jioni nilipopita ubaoni, karatasi ya tatu ilikuwa na majina tisa, na la kwanza ni langu. Ikifungwa, idara itasema wanafunzi wamechagua. Ni kweli tutakuwa tumechagua, kama tulivyochagua wimbo wa kumpeleka mwenzetu kaburini, kwa kusikia sauti tamu na kutouliza.

Wa Kwaya Kuu watakaokasirika waniandikie, kurasa hizi ni zao pia. Nawakumbusha tu kwamba yule msichana aliyeogopa kusema bado yupo kati yao, na sasa yuko mwaka wa tatu. Waanze kwa kumwuliza yeye.

Naomba kutoa hoja.